Oil filta: jinsi ya kuchagua inayofaa injini yako, maana kuingia tu haitoshi

Wengi wetu tunanunua oil filta hivi: fundi anafungua ile ya zamani, unaibeba inachuruzika oili, unafika dukani unasema nipe kama hii. Muuzaji anaangalia ukubwa, anaangalia raba, anakupa inayofanana, inafungwa, gari inawaka, imeisha hiyo. Shida ni kwamba ile ya zamani hujui nani aliichagua na aliichagua kwa kigezo gani, kama alikosea basi na wewe unarithi kosa lake kila ukimwaga oili, na unaweza ukatembea nalo miaka bila kujua. Filta inaweza ikaingia vizuri kabisa, isivuje hata tone, na bado ikawa sio ya injini hiyo.

Tuelewe kwanza inafanya kazi gani maana ukielewa hapo mengine yote yanakuja yenyewe. Pampu inanyonya oili kwenye sampo, yaani lile bakuli la oili chini ya injini, inaisukuma kwenye filta, ikitoka hapo ndo inasambaa kwenda kwenye beringi za krenki, kamshafti, tapeti, na turbo kama ipo. Magari karibu yote ya saivi oili yote inapita kwenye filta kwanza ndo ifike kwenye vyuma. Filta za mwanzo mwanzo, za miaka ya 1920, zilikuwa zinachuja sehemu tu ya oili na kuirudisha kwenye sampo, kwa hiyo ikiziba injini ilikuwa bado inapata oili yake, chafu lakini inapata. Hizi zetu ziko mlangoni kabisa, filta ikikosea injini nzima inaumia. Na uchafu tunaouzungumzia hapa huuoni kwa macho, mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70 hivi, wakati oili inayotenganisha krenki na beringi yake ikiwa inazunguka ni mikroni chache tu, kwa hiyo kachembe ka mikroni 10 au 20 hapo ni jiwe.

Hatua ya kwanza: ijue injini yako, achana na jina la gari

Ukifika dukani ukasema nataka filta ya Corolla hujasema kitu. Corolla zimetengenezwa na injini kibao tofauti, petroli na dizeli, nyingine zinatumia filta ya kopo, yaani ile ya chuma unayoizungusha yote unaitoa, na nyingine zinatumia elementi, yaani karatasi peke yake inayokaa ndani ya hauzingi yenye kifuniko. Cha kwenda nacho ni kodi ya injini, zile herufi na namba kama 1NZ, 2ZR, HR16, EJ20, na chesis namba. Kodi ya injini mara nyingi iko kwenye kibati kilichopigwa kwenye bodi ndani ya boneti au imechongwa kwenye bloki yenyewe, na kama injini ilishabadilishwa, jambo ambalo magari mengi yaliyotumika yamepitia, basi usiamini kadi wala kibati, soma kwenye bloki. Hii watu wanaisahau sana, gari ni ya mwaka fulani, injini iliyomo ilitoka kwenye gari nyingine kabisa, halafu tunatafuta filta kwa mwaka wa gari.

Hatua ya pili: tafuta namba ya pati ya orijino, hata kama hutanunua orijino

Namba ya pati ndo pasipoti ya filta. Iko kwenye manuali ya gari, au kwenye katalogi ya kampuni iliyotengeneza gari, unaingiza chesis namba inakutolea. Ukishaipata iandike mahali, iweke kwenye simu, bandika ndani ya boneti. Hata ukiamua kununua ya kampuni nyingine kama Mann, Bosch, Mahle au Denso, unaitumia namba hiyo kwenye katalogi yao na inakwambia mbadala wake ni upi. Hapo unakuwa umechagua kwa vipimo badala ya macho.

Namba zenyewe zina mpangilio ukizizoea. Kwa Toyota zinazoanza na 90915 ni za kopo na zinazoanza na 04152 ni elementi, Honda zinaanza na 15400, Nissan zinaanza na 15208. Hapa kuna mtego naomba uusome mara mbili: Subaru nao wanaanza na 15208, tofauti ni kwamba baada ya hapo ya Subaru inafuatwa na herufi AA. Tredi, yaani ile mizunguko ya skrubu inayoshika filta kwenye injini, kwa magari mengi ya makampuni haya mawili zinafanana, kwa hiyo ya Nissan inaingia kwenye Subaru bila shida yoyote na muuzaji akisoma tarakimu tano za mwanzo anakupa kwa roho safi kabisa. Ndani haziko sawa, nitaeleza huko chini kwenye valvu.

Soma namba yote mpaka herufi ya mwisho, basi.

Hatua ya tatu: tredi na raba, kwa filta za kopo

Hapa ndo penye hatari ya kuua injini ndani ya dakika chache kwa hiyo nitakaa kidogo. Filta ya kopo inajifunga kwenye kibomba chenye tredi kinachotoka kwenye bloki. Tredi unazokutana nazo sana kwenye magari madogo ni mbili, moja inaandikwa 3/4-16 UNF ambayo Toyota nyingi wanatumia, na nyingine M20 x 1.5 ambayo utaikuta kwenye Honda, Nissan, Mazda, Mitsubishi na Subaru nyingi. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, M20 ni milimita 20. Umeona tofauti ilivyo ndogo? Haifiki hata milimita moja. Sasa ukichukua filta ya M20 ukaifunga kwenye kibomba cha 3/4, inaingia, inazunguka, raba inagusa bloki, unaikaza kwa mkono unahisi imekaza. Kumbe tredi zimeshikana kwenye ncha tu. Gari inaweza kuwaka na kukaa hata siku kadhaa, halafu asubuhi moja oili ikiwa baridi na nzito, presha inapanda juu kabisa, filta inaruka kutoka kwenye tredi na oili yote inamwagika chini.

Nimeishuhudia hii kwa macho yangu. Gari ilikuwa imetoka kumwagwa oili siku tatu nyuma, mwenyewe akawasha akaiacha isailensi, yaani inanguruma imesimama bila kukanyagwa mafuta, huku anapakia mizigo, taa nyekundu ya oili ikawaka yeye yuko nyuma ya gari haioni. Alipokuja kusikia injini inagonga chini kulikuwa na ziwa la oili na beringi zilikuwa zimeshakufa. Tulipoiangalia ile filta haikuwa na kasoro yoyote, nzuri tu na mpya, ila ilikuwa ya tredi nyingine. Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa ni kitu cha kusoma maandishi kwenye boksi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga, izungushe filta kwenye kibomba mizunguko miwili mitatu bila raba kugusa bloki halafu itikise. Ikicheza cheza kushoto kulia kupita kawaida, acha. Dalili nyingine ni filta kugoma kuanza au kukaza kabla raba haijagusa, hapo usilazimishe na spana maana utaharibu kibomba cha bloki. Kama una venia, yaani kile kipimo cha milimita chenye taya, pima pia kipenyo cha raba, nje na ndani, raba inatakiwa ikae yote kwenye ule uso laini wa bloki, ikining'inia hata upande mmoja itasukumwa nje na presha.

Hatua ya nne: valvu mbili ambazo huzioni

Ndani ya filta ya kopo mara nyingi kuna valvu mbili na kwangu mimi hizi ndo zinatofautisha filta nzuri na bovu kuliko hata karatasi yenyewe.

Ya kwanza ni ya kuzuia oili isirudi. Ni raba nyembamba kama sahani, ukichungulia kwenye yale matundu madogo ya pembeni unaiona. Kazi yake ni kwamba ukizima gari oili ibaki ndani ya filta isirudi kwenye sampo, ili asubuhi ukiwasha oili ifike juu haraka. Kama filta yako imefungwa mdomo ukiangalia juu basi hata raba ikichoka oili inabaki humo, haina pa kwenda. Lakini kama imelala ubavu, au mdomo uko chini kama kwenye Subaru za injini ya FB ambapo filta iko juu ya injini, hii raba ndo kila kitu. Ikiwa ya hali ya chini inakauka kwa joto, inakuwa ngumu, oili inashuka usiku kucha na kila asubuhi injini inawaka kavu, unasikia tapeti zinalia sekunde kadhaa ndo zinanyamaza na taa ya oili inachelewa kuzima. Watu wanahamia oili nzito zaidi wakidhani shida ni oili, wengine wanafungua tapeti, na mara nyingine ilikuwa hii raba tu. Raba ya silikoni inavumilia joto na inabaki laini muda mrefu kuliko ya kawaida ya naitraili. Mara nyingi ya silikoni ni ya rangi ya chungwa au nyekundu na ya naitraili ni nyeusi, ila rangi usiifanye ndo ushahidi maana kutia rangi hakumshindi mtu, chomeka kitu butu taratibu uiguse, inatakiwa iwe laini na irudi ilipokuwa.

Ya pili ni baipasi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito sana wakati wa baridi, hii valvu inafunguka oili ipite bila kuchujwa, maana oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Inafunguka tofauti ya presha kati ya upande unaoingia na unaotoka ikifika kiwango fulani, na kiwango hicho kinapangwa na aliyetengeneza injini kulingana na pampu yake. Filta nyingi za magari madogo zinafunguka kwenye psi 8 mpaka 16 hivi, psi ni kipimo cha presha, lakini manuali za Subaru za EJ zinaandika psi 23. Umeona sasa ule mtego wa 15208? Ukiweka ya psi ndogo kwenye injini inayotaka psi kubwa, baipasi inakuwa inafunguka funguka hovyo kila ukikanyaga mafuta na oili inazunguka bila kuchujwa, gari inatembea freshi tu, hakuna taa, hakuna mlio, vyuma ndo vinalika polepole. Ukiweka ya psi kubwa mahali panapotaka ndogo, unaweza kuinyima injini oili pale karatasi ikiziba. Na kuna injini ambazo baipasi iko kwenye bloki yenyewe kwa hiyo filta yake haina kabisa, ukiichukua ukaipeleka kwenye injini inayoitegemea filta umeondoa kinga yote.

Hiki kitu macho hayakioni. Ndo sababu nasisitiza namba ya pati.

Hatua ya tano: karatasi, mikroni na maneno ya kwenye boksi

Kuna selulosi, yaani karatasi ya kawaida, kuna mchanganyiko, na kuna sinthetiki tupu ya nyuzi za kioo. Selulosi inatosha kabisa kama unamwaga oili mapema kwa ratiba fupi. Kama unatumia oili ya sinthetiki na unaenda kilomita 10,000 au zaidi kabla ya kumwaga, au gari ina turbo, chukua sinthetiki au mchanganyiko maana selulosi inachoka, inanyonya unyevu na kuvimba, wakati nyuzi za sinthetiki ni nyembamba kwa hiyo zinashika uchafu mwingi bila kubana oili isipite. Kuweka oili ya gharama ya safari ndefu halafu ukaiwekea filta ya safari fupi ni kujidanganya.

Kwenye mikroni kuwa makini na namba iliyoandikwa peke yake. Filta ikisema mikroni 20 swali ni asilimia ngapi? Inayokamata asilimia 99 ya chembe za mikroni 20 na inayokamata asilimia 50 ya chembe hizo hizo zote zinaweza kuandikwa mikroni 20. Tafuta iliyotaja asilimia pamoja na mikroni, na ikitaja kipimo cha ISO 4548-12 ni vizuri zaidi maana hicho ndo kipimo cha maabara cha kupima filta za oili inachuja kiasi gani na inabeba uchafu kiasi gani. Halafu usikimbilie ndogo kuliko zote ukadhani ndo bora, karatasi iliyobana sana yenye eneo dogo inaziba mapema na ikiziba baipasi inafunguka, umerudi palepale.

Wenye dizeli, masizi ya dizeli yanajaza filta haraka, kwa hiyo usiweke filta ya petroli eti kwa sababu tredi zimeingia. Nyingi za dizeli ni kubwa kwa sababu hiyo.

Na ile tabia ya kuweka kopo kubwa kuliko lake? Inawezekana kama tredi, raba na baipasi vyote vinalingana, inabeba uchafu zaidi kidogo. Ila angalia isikaribie ekzosi wala stata, na isishuke chini kuliko kinga ya injini, jiwe moja barabarani linaitoboa. Mimi binafsi nabaki na saizi yake.

Hatua ya sita: kama yako ni elementi

Hapa tredi sio shida, shida ni urefu, mdomo wa kati na oringi, yaani ile raba ya duara inayoziba kifuniko. Ikiwa fupi kwa milimita chache haikazwi na kifuniko, oili inapita pembeni yake bila kuchujwa. Iweke mpya na ya zamani pamoja zote zikiwa zimesimama, zilingane urefu na tundu la kati. Boksi linatakiwa lije na oringi mpya, na ibadilishe kila mara, ipake oili, hakikisha imekaa kwenye mfereji wake sahihi maana baadhi ya vifuniko vina mifereji zaidi ya mmoja. Jingine kubwa: kuna hauzingi zina kibomba chenye matundu katikati kinachoishikilia karatasi isibonyee kwa presha, hicho ni cha gari na hakitupwi, lakini kuna watu wanakitupa pamoja na karatasi chafu. Ukinunua gari iliyotumika fungua uangalie kama kipo. Kifuniko kama ni cha plastiki kina namba ya kukazia imechongwa juu yake, mara nyingi 25 Nm, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza, ifuate, wengi wanakikaza mpaka kinapasuka.

Hatua ya saba: usiuziwe feki

Feki nyingi kwa nje zimetulia, maboksi yamechapwa vizuri. Angalia namba ya kwenye boksi na ya kwenye kopo vifanane. Chungulia ndani na tochi, mikunjo ya karatasi inatakiwa iwe imepangana sawasawa isilaliane, gundi isiwe na mapengo, tredi ziwe safi zisiwe na vinyweleo vya chuma maana hivyo vitaenda moja kwa moja kwenye injini. Raba ikae kwenye mfereji wake bila kucheza. Filta nyepesi sana ukilinganisha na unayoijua inatia shaka. Na iliyobonyea, hata kidogo, hata ya orijino, rudisha.

Hatua ya mwisho: kuifunga na kuhakikisha

Kabla ya kufunga mpya angalia raba ya zamani imetoka na filta yake. Wakati mwingine inabaki imeganda kwenye bloki, ukifunga mpya juu yake zinakuwa raba mbili, na mbili hazishiki, zitatemwa tu. Futa uso wa bloki, paka oili kidogo kwenye raba mpya, zungusha kwa mkono mpaka raba iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa kwenye filta. Spana ya filta ni ya kufungulia. Kama filta inakaa mdomo juu unaweza kuijaza oili kwanza.

Washa, angalia taa ya oili inazima ndani ya sekunde chache, ikichelewa zima. Iache isailensi dakika mbili tatu, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri, pima oili kwa stiki uongeze iliyomezwa na filta. Kwenye kopo andika kwa makapeni tarehe na kilomita.

Halafu ile ya zamani usiitupe. Ikate, kuna kikatio chake maalum, usitumie grainda maana itakujazia vumbi la chuma usijue lipi limetoka injini. Toa karatasi, ikamue, ifungue mikunjo uiangalie kwenye mwanga. Weusi ni kawaida. Kama karatasi imechanika au imejikunja na kubonyea, ile filta haikuwa ya injini yako au imekaa muda mrefu kupita kiasi, rudi hatua ya pili. Vumbi dogo la kung'aa kwa injini mpya au iliyotoka kufunguliwa sio jambo la kushtua. Ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika, pitisha sumaku: vinavyonata ni chuma, vya rangi ya shaba visivyonata mara nyingi ni beringi, na hapo gari usiiwashe tena mpaka fundi ashushe sampo.